Kiapo cha Isham

Ukitaka kusifiwa, humwendei Isham Speight. Hilo lilijulikana shamba zima la Hardison na mashamba ya jirani pia. Bibi Cherry, mpishi ambaye hata mke wa bwana alimwogopa, siku moja alimpa kipande cha mkate wa mahindi uliotoka motoni saa ile ile, akamwuliza umekuwaje. Isham akatafuna, akameza, akatafakari weee, kama vile ameulizwa habari za kiama. Kisha akasema, "Magadi yamezidi, Bibi." Bibi Cherry hakumpa mkate tena mpaka vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani vilipoanza.

Si kwamba alikuwa mtu wa shari. Alikuwa mpole, mrefu, mwembamba, viganja vimeganda lami hata sabuni ilikuwa imekata tamaa navyo. Kazi yake ilikuwa kuchoma lami: kupanga mizizi ya misonobari, kuifunika kwa udongo, kuiwasha, halafu kukaa hapo mchana kutwa akiangalia moshi. Ni kazi isiyotaka maneno ya kujifurahisha. Ukijidanganya kwamba moto umetulia na haujatulia, tanuri linapasuka, na anayeungua ni wewe.

Lakini tuambiane ukweli: siku zile za utumwa, uongo ulikuwa chakula. Watu walidanganya ili wale, walidanganya ili wapumzike, walidanganya ili mtoto asichapwe, na asiyewahi kuchapwa asithubutu kuwalaumu. Isham peke yake ndiye aliyeshindwa. Nguruwe akipotea, Bwana Hardison akimwita na kumwuliza, Isham hujibu, "Aliyemchukua namjua, Bwana, ila sitamtaja." Wenzake walishika vichwa. Angesema tu hajui! Mgongo wake ulilipia majibu ya namna hiyo mara nyingi, na Hardison, baada ya kumchapa, aliwasimulia wageni wake mezani kwa majivuno, "Mimi nina mtumwa asiyejua kusema uongo." Alisema hivyo kama mtu anayejisifia farasi asiyepiga mateke.

Rafiki wa Isham alikuwa Toney, mume wa Vina. Vita vilipopamba moto, Toney alichukuliwa kwenda pwani kuwachimbia mahandaki askari wa Kusini waliokuwa wakipigana ili yeye abaki mtumwa. Alirudishwa juu ya mkokoteni, ana homa, hamtambui hata mkewe, na hakumaliza wiki.

Walimzika nyuma ya misonobari. Kabla jeneza halijashuka, walifanya kama walivyofanya siku zote: mtoto mdogo wa marehemu anapitishwa juu ya jeneza, kutoka mikono ya huyu kwenda mikono ya yule, ili aliyekufa asirudi kumtafuta. Na pale shambani kwa Hardison waliongeza jambo moja. Anayempokea mtoto upande wa pili, mtoto huyo ni wake kumwangalia maisha yake yote. Mpokeaji alipaswa awe ndugu wa Toney, lakini ndugu huyo alikuwa ametorokea kwa askari wa Kaskazini. Bibi Cherry akatupa macho ng'ambo ya jeneza, akamwona Isham, aliyekuwa mmoja wa wabebaji na bado anajifuta jasho.

"Wewe. Nyoosha mikono."

Isham akanyoosha. Silvy, binti wa Toney na Vina, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, akapita hewani akirusha miguu, akatua kifuani kwake na kumvuta sikio kwa nguvu.

Mtu mwingine angeona ni desturi tu, imekwisha, twende nyumbani. Isham kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa Vina na mzigo wa kuni. Siku iliyofuata akaja na maji. Siku ya tatu Vina akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Unatafuta nini hapa, Isham? Mume wangu hata majani hayajaota juu yake."

"Nimekuja kumwona mtoto. Si mmenipa?"

Vina akacheka, na alikuwa hajacheka tangu mkokoteni ule uingie. Basi hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Majani yalipoota, na yakaota tena mwaka uliofuata, waliruka ufagio pamoja uani mbele ya wenzao, na hiyo ndiyo ndoa waliyokuwa nayo watumwa. Hakuna sheria iliyoitambua, ila wao waliitambua vizuri sana.

Vita vikaisha, uhuru ukaja. Vina na Isham wakaenda mjini kufunga ndoa ya serikali, wakarudi kwa miguu wameshikana mikono kama watoto. Watu wakahama kutoka roshani ya kanisa la wazungu, walikokuwa wakikalishwa kama mizigo iliyowekwa darini, wakajenga kanisa lao la magogo, sakafu ya udongo. Walipotafuta shemasi hawakuhangaika. Walimtaka mtu ambaye neno lake halina kona, wakamchukua Isham.

Uhuru ule ulikuwa na mlango wa nyuma, na wazungu waliujua mlango huo ulipo. Mahakama ya wilaya ilitoa amri: mtoto mweusi ambaye baba yake hayupo, au wazazi wake hawakuwa na ndoa ya sheria alipozaliwa, apewe mtu wa kumlea na kumfundisha kazi mpaka awe mtu mzima. Na wa kwanza kufikiriwa alikuwa nani? Bwana wake wa zamani! Waliuita ulezi. Wenye watoto waliuita jina lake la zamani.

Asubuhi moja Isham akiwa kwenye tanuri, Hardison alikuja na gari la farasi na askari wa wilaya. Silvy alikuwa akiokota mayai ya kuku. Walimwambia Vina kwamba baba wa mtoto ni Toney, Toney amekufa, na ndoa yake na Toney ilikuwa ya ufagio, kwa hiyo sheria haikuijua. Vina alilishikilia gauni la mwanawe mpaka likachanika. Isham alipofika mbio alimkuta mkewe ameketi chini, kipande cha kitambaa mkononi.

Alikwenda moja kwa moja mjini kwa ofisa wa jeshi la Kaskazini aliyewekwa kuangalia mambo ya walioachwa huru. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, na nje ya mlango wake kulikuwa na akina mama wengi wenye kilio hicho hicho.

"Kumrudisha kwa nguvu siwezi," ofisa alisema. "Ninaloweza ni kuilazimisha mahakama ikusikilize. Sasa mtu mweusi anaruhusiwa kuapa na kutoa ushahidi. Kama baba mzazi yuko hai, na amefunga ndoa na mama, mtoto ni wao, hata Hardison aseme nini. Baba yake yuko hai?"

"Alikufa wakati wa vita, Bwana Ofisa."

Ofisa akaweka kalamu chini. Akamtazama Isham kwa huruma na kwa hasira kidogo. "Ungenijibu vingine, ningeweza kukusaidia," akasema. "Ngoja siku ya kesi. Fikiri."

Isham alifikiri njia nzima. Walipokaa kula jioni, sahani ya Silvy ikiwa imefunikwa pale pale mezani maana Vina hakukubali iondolewe, akasema amepata la kusema.

"Nitawaeleza habari ya jeneza."

"Utawaeleza nini?"

"Kwamba nilipokea mtoto juu ya jeneza la baba yake, mbele ya watu. Mashahidi wapo tele. Bibi Cherry yupo."

Vina akaacha kula. "Isham, mume wangu. Hakimu yule anasali kanisa lenye kinanda. Ukimwambia habari ya jeneza atacheka mpaka miwani imdondoke."

"Basi nitasema nini?"

"Utasema Silvy ni damu yako."

"Si kweli."

"Najua si kweli, nilikuwepo!"

Isham akamega mkate, akaurudisha. "Nikisema hivyo, nimesema ulikuwa ukitoka nje ya ndoa Toney akiwa hai. Nimesema Toney alikuwa analea mtoto wa mwenzake bila kujua. Toney, Vina! Tulikula naye sufuria moja."

"Toney angekuwa hapa angekutandika ngumi kwa kuchelewa kukubali."

"Na kanisani?"

"Kanisani wataniita malaya. Mimi nimeshaitwa mengi, nimeuzwa mnadani pamoja na majembe, sitakufa kwa neno. Lakini mwanangu analala sakafuni jikoni kwa mke wa Hardison, na mwanamke yule hamwiti hata jina lake. Anamwita 'we.' Wewe kaa na ukweli wako, Isham. Uoshe, uanike, uukunje vizuri kabatini. Mimi nataka mtoto."

Alisema hayo bila kulia, na Isham angependa alie. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa fimbo. Ukweli ndio ulikuwa mali pekee ambayo Hardison hakuweza kumnyang'anya, na sasa anaambiwa autoe kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya kesi watu walikuja kama harusini. Hakuna mtu mweusi wa wilaya ile aliyewahi kuweka mkono juu ya Biblia mahakamani neno lake likahesabiwa kuwa neno. Wazee walivaa makoti ya kanisani. Akina mama walibeba viazi vitamu vya kuchoma vitambaani. Bibi Cherry alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka mbele kabisa kwenye roshani ya watu weusi, na alikuwa akimwambia kila aliyepita, "Leo mtasikia ukweli. Huyo hata mkate wangu aliutukana."

Hardison alizungumza kwanza, ametulia, kidole gumba kwenye mfuko wa kizibao. Mtoto ni wa Toney, kila mtu anajua, Toney ni marehemu, mama hakuwa na ndoa. Alikuwa anasema kweli tupu. Kisha wakamwita Isham.

Akaweka kiganja chake chenye lami juu ya kitabu. Roshanini watu wakainama mbele, wanataka wakumbuke kila kitu wakawahadithie wajukuu. Isham akaapa kusema ukweli mtupu, na sauti yake haikutetemeka, kwa sababu mpaka hapo alikuwa bado hajajua atasema nini.

"Baba wa mtoto huyu ni nani?" hakimu akauliza.

Isham akamtafuta Silvy. Alikuwa kando ya mke wa Hardison, amefungwa aproni ya mtu mzima iliyozungushwa mara mbili, kifundo cha mkono kina kovu bichi la moto. Hakumtazama Isham. Alitazama sakafu, ameshika mikono nyuma. Alikuwa ameshafundishwa, na kwa muda mfupi kiasi kile! Isham alimfahamu vizuri mtu anayesimama hivyo. Alikuwa amesimama hivyo yeye mwenyewe kwa miaka.

"Ni mimi," akasema.

"Sema vizuri."

"Nilikuwa na Vina wakati Toney yuko hai. Toney hakujua. Mtoto ni damu yangu."

Roshanini mtu mmoja alisema "Ah!" kama aliyechomwa mwiba, basi. Vina alikuwa amesimama ukutani, na macho yote yalipomgeukia hakuinamisha uso. Hardison akaruka juu, akasema huo ni uongo wa mchana kweupe.

Hakimu alivua miwani. Hakuwapenda watu weusi na hakumpenda ofisa wa Kaskazini aliyekaa mlangoni amekunja mikono, lakini alikuwa amekula mezani kwa Hardison mara nyingi na alikuwa na kumbukumbu nzuri. "Bwana Hardison," akasema, "huyu si yule uliyekuwa ukitueleza habari zake? Umewahi hata siku moja kumsikia akisema uongo?"

Hardison akageuka kuwatazama waliokaa nyuma yake. Shingo yake ikawa nyekundu. Nusu ya waheshimiwa waliokaa pale chini walikuwa wameisikia hadithi ya mtumwa asiyejua uongo, na wengine walikuwa wameisikia mpaka ikawachosha.

"Sijawahi," akasema.

"Sauti."

"Sijawahi kumsikia!"

Na hivyo Silvy akarudi. Kila fimbo ambayo Isham alikula kwa kukataa kudanganya, siku ile ilimnunulia mtoto. Yeye mwenyewe hakuliona hivyo. Aliona tu kwamba watu wake walikuja kusikia neno la kwanza la mtu mweusi mbele ya sheria, na yeye amewapa uongo.

Hakuna aliyeongozana nao kurudi. Mkokoteni wa Bibi Cherry uliwapita karibu na daraja, Bibi amekaza macho mbele kama haoni barabara ina watu. Silvy alikuwa mgongoni kwa Isham, amemkaba shingo, na alikuwa mzito kuliko siku alipochukuliwa au pengine ni yeye Isham aliyekuwa amechoka.

Kanisa liliwatoa wote wawili kwa zinaa. Ukweli hawakuweza kuusema hata humo. Nusu ya akina mama wa kanisa walikuwa bado wanafua na kupika majumbani mwa wazungu, na neno likitoka kanisani asubuhi, jua halichwi kabla halijafika jikoni kwa Hardison. Kiapo cha uongo kilikuwa na jela yake, na nyuma ya jela kulikuwa na aproni ile. Vina alikaa nje ya kanisa majira kidogo, kisha akaenda mbele, akatubu, akalia machozi ya kulowanisha kitambaa, akapokewa. Nyumbani akamgeukia mumewe.

"Na wewe nenda katubu, yaishe."

"Nitubu zinaa ambayo sikuifanya?"

"Mimi nimetubu!"

"Wewe unajua kulia, Vina."

Vina alimrushia kijiko, kisha akacheka, kisha akalia kwa kweli. Isham hakwenda. Kudanganya mahakamani alikuwa amedanganya, lakini kusimama nyumba ya Mungu na kudanganya tena ili apewe nafasi mezani, hilo lilimshinda. Kwa hiyo kila Jumapili alikuja, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na siku ya Meza ya Bwana watu walipoanza kupitishiana mkate, aliinuka polepole akatoka nje kuangalia nyumbu waliovuta mikokoteni. Nyumbu walikuwa wamefungwa vizuri. Aliwaangalia hivyo hivyo.

Wengine walimhurumia. Wengine walisema, tazameni, mnafiki mkubwa, alivyokuwa akitukosoa. Toney aliyelala nyuma ya misonobari aligeuzwa kichekesho, na hilo ndilo lililomuuma Isham kuliko yote. Alipopita kaburini alivua kofia, akaenda zake kichwa wazi. Silvy akaenda shule iliyofunguliwa mle mle kanisani, akajua kusoma mpaka akawapita wenzake, na wenzake wakamlipa kwa kumwambia mama yake alikuwa na mabwana wawili. Mara nyingi alirudi nyumbani na pua inatoka damu, ngumi bado zimekunjwa. "Nimempiga," husema. Isham humwosha uso na kumkunjua ngumi zile, kidole kimoja kimoja.

Nchi nayo ilikuwa inageuka. Wanaume weusi walipiga kura, wakamchagua mtu wao mmoja awe diwani, wakaimba barabarani. Halafu wakaanza kuja watu waliofunika nyuso, zikaanza kuchomwa shule, na siku za uchaguzi bunduki zikasimama njiani. Askari wa Kaskazini walikunja mahema yao wakaenda zao, kana kwamba kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Inatia uchungu hata kuisimulia, jinsi watu walivyopewa haki kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono mwingine. Katika siku hizo kanisa lile la magogo ndilo likawa mahali pekee ambapo mtu mweusi akinyoosha mkono kupiga kura, mkono ulihesabiwa.

Silvy akawa mtu mzima. Sheria yoyote ya ulezi haikuweza kumgusa tena, na alikuwa mwalimu katika shule ile ile iliyomtoa damu puani. Isham aliingojea siku hiyo kama mfungwa. Ilipofika, akamwambia Vina kwamba kwenye kikao cha kanisa cha Jumamosi atasimama aseme.

"Umelibeba miaka yote hii," Vina akasema. "Huwezi kwenda nalo kaburini? Wanaweza kukufunga bado."

"Wanifunge. Toney amengoja vya kutosha."

"Na mtoto? Umefikiria utamwambia nini mtoto?"

Hilo ndilo lililomnyima raha. Jela hakuiogopa. Aliogopa kumwangalia Silvy usoni na kumwambia, mimi si baba yako. Alimkuta shambani anachimba viazi vitamu, sketi ameifunga kiunoni, akachukua jembe la pili akachimba naye tuta zima kabla ya kufungua mdomo. Kisha akamweleza yote, akiwa ameangalia udongo. Silvy hakuacha kuchimba. Akafika mwisho wa tuta, akajinyoosha.

"Kwa hiyo siku ile mahakamani, Bwana Hardison alikuwa anasema kweli?"

"Ndiyo, mwanangu. Alisema kweli."

"Mara yake ya kwanza maishani, Baba, na wewe ukamharibia."

Akacheka, akafuta macho kwa nyuma ya mkono, akajipaka matope shavuni, akarudi kwenye tuta. Isham hakujua achukue kicheko au machozi.

Kikao cha kanisa hufanyika Jumamosi moja kila mwezi. Mchungaji huuliza kama kuna amani kati ya wote, na mwenye jambo husimama. Anayekiri na kutubu hupokewa. Anayekataa kutubu hutolewa, au huachwa nje kama alikwisha kutolewa, kwa kura ya mikono. Mchungaji Rountree alikuwa mgeni kidogo, amewakuta na benchi lao la nyuma na mtu wake, akadhani ni sehemu ya jengo. Alipouliza kuhusu amani na mtu huyo akasimama, alishtuka.

"Niliapa uongo," Isham akasema. "Miaka ile, mahakamani. Vina hakuwahi kumkosea Toney. Mimi sikuwahi kumgusa Vina wakati Toney yuko hai. Silvy ni binti wa Toney, na Toney hakuwa mjinga. Nilisema vile ili Hardison asimchukue."

Mahali fulani mtu aliangusha fimbo yake. Bibi Cherry, aliyekuwa haoni tena vizuri, akajigeuza na kigoda chake chote kuelekea sauti ilikotoka.

"Yaani Isham, miaka yote hii nimekunyima salamu bure?"

"Si bure, Bibi. Niliapa uongo."

"Nyamaza!" Bibi Cherry akasema, na sauti yake ikavunjika. "Nyamaza kabisa, mtoto mbaya wewe."

Vina alikuwa analia, na safari hii hakikuwa kilio cha kuigiza. Mchungaji akainua mkono watu watulie. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi na ana haraka ya kuipokea. "Ndugu Isham, umekiri mbele ya wote. Sasa sema tu neno moja tukupokee. Unatubu?"

Kila mtu alijua jibu. Midomo mingine ilikuwa imeshaanza kulitamka kwa ajili yake. Isham alisimama, kofia mikononi, akaizungusha.

"Nasikitika kwa jina la Toney," akasema. "Nasikitika kwa aibu aliyobeba mke wangu, na ngumi alizopigana huyu binti. Lakini kutubu, Mchungaji, si ndiyo kutamani kwamba usingefanya? Mimi sitamani hivyo. Wakimleta tena kesho na ile aproni, nitaweka mkono juu ya kitabu nitaapa tena. Sasa nikisema natubu, nitakuwa nimewadanganya."

"Ndugu Isham," mchungaji akasema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza.

"Kanuni ni kanuni, Mchungaji. Nimeisimamia mimi mwenyewe nikiwa shemasi."

Mchungaji alifuta uso kwa kitambaa. Alitazama juu kwenye magogo, akatazama Biblia, akaona hakuna njia ya pembeni. "Basi," akasema, "wanaotaka Ndugu Isham Speight abaki nje ya kanisa hili, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyetikisika, hata wale waliomwita mnafiki. Watu waliketi wameshika magoti yao, wameyakaza. Kisha nyuma kabisa, karibu na mlango, ukapanda mkono mmoja, mrefu, mwembamba, kiganja cheusi kwa lami.

"Ndugu Isham," mchungaji akasema, "mwenye kesi hapigi kura."

"Lakini lazima mtu mmoja..."

"Shusha mkono."

Hakuushusha. Aliusimamisha pale, umenyooka kabisa, na machozi yanamtiririka kwenye ndevu. Ndipo Silvy akainuka upande wa wanawake, akavuka njia ya katikati ambayo mwanamke haivuki kikaoni, akakaa kwenye benchi la nyuma. "Inatosha, Baba," akamwambia. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akaushusha mapajani pake, akaendelea kuushikilia hapo mpaka kikao kikaisha, maana alimjua.